Kivinjari Kipi Kinafaa kwa Faragha na Kuzuia Matangazo: Mwongozo kwa Watumiaji wa Mwanza

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alikuja kwenye steshenari yangu hapa Nyegezi akitaka kutoa nakala ya kitambulisho. Alipokuwa akisubiri, akanipa simu yake niiangalie. "Mwanangu," akasema, "hii simu inanila bando. Nasoma habari tu na kuangalia hali ya hewa ya ziwani, lakini kifurushi cha wiki hakifiki Alhamisi." Nilifungua ukurasa wa habari aliokuwa akiusoma. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kuizunguka kulikuwa na video ya tangazo inayocheza bila kuombwa, matangazo ya mikopo ya haraka, na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Pakua" ambacho hakikuhusiana na habari ile hata kidogo. Mama yule alikuwa akinunua bando kwa fedha ya dagaa, na bando hilo likitumika kumletea vitu asivyoviomba, vingine vikiwa mitego.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yake, kwa wanafunzi wanaoteremka kutoka Malimbe kuja kuchapisha kazi zao, na kwa yeyote anayetumia simu ya kawaida yenye Android na bando la kupima. Nimepanga vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, na vizuia matangazo kuanzia ninachokipendekeza kwanza hadi ninachokiweka mwisho, nikieleza sababu, kwa kuwa kinachomfaa mtu wa mjini mwenye simu nzuri si lazima kimfae mvuvi aliyeko Ukara ambako mtandao huja na kupotea.

Unacholipa kwa kitu cha bure

Karibu vyote nitakavyovitaja hupakuliwa bila malipo, na hilo ndilo linalowafanya watu wengi wavichukue bila kuchagua. Hata hivyo gharama ipo. Gharama ya kwanza ni bando, kwa kuwa kila tangazo ni picha, video au programu ndogo inayoshushwa kwenye simu yako kwa MB zako. Ya pili ni kumbukumbu ya simu, yaani RAM, kwa sababu simu yenye RAM ya GB 2 inayolazimishwa kubeba ukurasa uliojaa matangazo hupata moto, hukwama, na mwenye nayo huanza kudhani imekufa. Ya tatu ndiyo isiyoonekana: taarifa zako.

Ufuatiliaji huo hufanyika hivi. Unapofungua tovuti moja, ukurasa huo huwa na vipande vilivyopachikwa na kampuni nyingine ambazo wewe hukuzifungua, na kila kipande huweza kuacha kidakuzi, yaani faili ndogo yenye namba ya kukutambulisha. Ukihamia tovuti ya pili yenye kipande cha kampuni ileile, namba yako husomwa tena, na baada ya siku chache kampuni hiyo inajua kwamba mtu mmoja alitafuta bei ya injini ya mtumbwi asubuhi, akasoma kuhusu shinikizo la damu mchana, na usiku akatafuta mkopo. Haina haja ya kujua jina lako ili ikuuze kwa mtangazaji, namba inatosha. Ukivifuta vidakuzi, zipo kampuni zinazokutambua kwa mkusanyiko wa mambo madogo kama ukubwa wa kioo cha simu, lugha, aina ya herufi na toleo la kivinjari.

Nayachukulia matangazo ya mikopo kwa uzito zaidi kuliko mengine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nimewaona watu wakiingia kwenye mikopo ya namna hiyo kwa kubofya tangazo lililowafuata kutoka ukurasa hadi ukurasa katika wiki ambayo walikuwa na shida. Kwa hiyo kuzuia matangazo ni ulinzi, pamoja na kuwa ni nafuu ya bando. Hata FBI ya Marekani, katika onyo lake la Desemba 2022 kuhusu matapeli wanaonunua matangazo kwenye mitambo ya kutafutia ili wajifanye kampuni halali, iliwashauri wananchi watumie viendelezi vya kuzuia matangazo, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari.

Cha kwanza: Firefox pamoja na uBlock Origin

Kwa mwenye simu ya Android yenye RAM ya GB 3 au zaidi, na kwa kila mwenye kompyuta, chaguo langu la kwanza ni Firefox iliyowekewa kiendelezi kiitwacho uBlock Origin. Sababu kubwa ni moja: Chrome ya simu haikubali kiendelezi chochote, ilhali Firefox ya Android inavikubali, na tangu Desemba 2023 imefungua mlango kwa viendelezi vingi badala ya vile vichache vya awali. Katika mji ambao kwa watu wengi simu ndiyo kompyuta yao pekee, tofauti hiyo inazidi nyingine zote.

uBlock Origin ilianzishwa na Raymond Hill mwaka 2014. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na mwenyewe hapokei hata michango. Kazi yake ni kulinganisha kila ombi ambalo ukurasa unataka kulituma na orodha ndefu za anwani za matangazo na za wafuatiliaji, kisha kulikata ombi lenyewe kabla halijatoka. Hapo ndipo bando linapookolewa: tangazo halifichwi baada ya kushushwa, bali halishushwi kabisa. Video inayojichezea haiji, kitufe cha "Pakua" cha uongo hakionekani, na kurasa za YouTube zikifunguliwa ndani ya Firefox kwa kawaida huja bila matangazo, jambo lisilowezekana ndani ya programu yenyewe ya YouTube bila kulipia.

Angalia jina kwa makini unapokitafuta. Kuna kingine kinachoitwa "uBlock" bila neno "Origin", nacho ni cha watu wengine. Majina ya kufanana ni hatari ya kweli katika jambo hili: Aprili 2018 kampuni ya AdGuard ilifichua viendelezi vitano vya uongo vya kuzuia matangazo kwenye duka la Chrome, vilivyokuwa vimewekwa na watumiaji zaidi ya milioni 20. Ndani ya Firefox ya simu, fungua nukta tatu, ingia sehemu ya viendelezi, nawe utaiona uBlock Origin kwenye orodha ya vinavyopendekezwa na Mozilla wenyewe, watengenezaji wa Firefox. Firefox yenyewe ichukue Play Store. Usikubali fundi akurushie kwa Bluetooth au kutoka kwenye memori kadi yake, hata kama ni rafiki yako, kwa sababu faili ya namna hiyo haina anayeithibitisha na pengine haitapata masasisho.

Baada ya kuweka, mambo machache yanatosha. Nenda kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya ufuatiliaji uchague kiwango cha pili, kile chenye ukali zaidi. Washa hali ya kutumia HTTPS pekee, yaani mawasiliano yaliyosimbwa ili mwingine asiyasome, ili kivinjari kikuonye kabla ya kufungua ukurasa usiosimbwa, jambo lenye maana unapotumia Wi-Fi ya hoteli au ya mgahawa ambayo hujui nani mwingine yumo. Zima utumaji wa takwimu za matumizi kwa Mozilla. Kisha ndani ya uBlock Origin ongeza orodha zinazoondoa vibango vya kuomba kukubali vidakuzi. Orodha nyingine ziache kama zilivyokuja. Watu wengi huwasha kila orodha wanayoiona wakidhani wingi ni usalama, matokeo yake kurasa zinavunjika na simu inakuwa nzito, kisha wanakichukia kivinjari kwa kosa lisilo lake.

Firefox ina jambo lingine ambalo nalipenda sana. Tangu Juni 2022, Firefox ya kompyuta huweka vidakuzi vya kila tovuti kando bila wewe kugusa chochote. Fikiria wachuuzi wa Mwaloni ambao kila mmoja ana tenga lake lenye kifuniko: samaki wa huyu hawezi kuingia kwenye tenga la yule, na mpita njia hawezi kuyalinganisha. Kampuni ya matangazo ikiacha namba yako kwenye tovuti ya habari, namba hiyo haitasomeka kwenye tovuti ya mnada.

Kasoro zake nazisema pia. Kwenye simu dhaifu Firefox ni nzito kuliko Chrome, hasa wakati wa kufunguka. Mozilla hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka Google, ambayo hulipia kuwa mtambo wa kutafutia unaokuja na kivinjari hicho, kwa hiyo ukitaka kuikwepa Google ni wewe mwenyewe wa kubadili kwenda DuckDuckGo au mwingine. Kwa upande wangu, nikitafuta jambo la hapa nyumbani kwa Kiswahili, bado naona Google huleta majibu mazuri zaidi. Nimeiweka DuckDuckGo iwe ya kawaida, na Google naiita ninapoihitaji. Halafu zipo tovuti chache, hasa za kujaza fomu, zinazokwama chini ya ulinzi mkali. Mwanafunzi anayejaza maombi ya Bodi ya Mikopo akiona ukurasa hauendelei, abonyeze alama ya ngao kando ya anwani na kuzima ulinzi kwa tovuti ile peke yake, amalize kazi yake, kisha aurudishe.

Cha pili: Brave

Brave nampa mtu ambaye hataki kusikia habari ya viendelezi wala mipangilio. Unaipakua, unaifungua, na inazuia matangazo na wafuatiliaji tangu dakika ya kwanza. Imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, kwa hiyo tovuti zinazofunguka kwenye Chrome hufunguka humo pia, na kwenye simu za RAM ndogo nimeiona ikienda kwa wepesi kuliko Firefox. Mama yule wa Kirumba, ambaye simu yake ilikuwa ya RAM ya GB 2, nilimwekea Brave. Wiki mbili baadaye alipita akienda Buhongwa, akasema bando sasa linamaliza wiki.

Kampuni yake ilianzishwa mwaka 2015 na Brendan Eich, mtu aliyebuni lugha ya JavaScript na kushiriki kuanzisha Mozilla, pamoja na mwenzake Brian Bondy. Ulinzi wake si wa maneno tu. Juni 2025 watafiti kutoka vyuo vya Ulaya walionesha kwamba programu za Facebook na Instagram kwenye Android zilikuwa zikisikiliza kwa siri ndani ya simu na kupokea vidakuzi kutoka kwenye tovuti ulizokuwa ukizisoma kwenye kivinjari, hata ukiwa kwenye hali fiche (incognito). Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, iliusimamisha mtindo huo baada ya kufichuliwa. Brave tayari ilikuwa inazuia tovuti kuzungumza na simu kwa njia hiyo tangu mwaka 2022.

Mbona basi haikushika nafasi ya kwanza? Kwa sababu Brave nayo inaishi kwa matangazo, ingawa ya aina yake. Ukurasa wa kichupo kipya huonesha picha za wadhamini, na ndani yake kuna mfumo wa zawadi za sarafu ya kidijitali, pochi ya sarafu hizo, na vikorombwezo vingine ambavyo mtu wa kawaida havihitaji. Juni 2020 iligundulika kwamba ilikuwa ikiongeza msimbo wake wa kamisheni kwenye anwani za baadhi ya tovuti za sarafu za kidijitali. Kampuni iliomba radhi na kurekebisha. Ukiiweka, ingia kwenye mipangilio uzime picha za wadhamini na ufiche alama ya zawadi. Ni kazi ya dakika mbili, na baada ya hapo unabaki na kivinjari kizuri.

Cha tatu: DNS ya faragha

Hiki si kivinjari, lakini nakiweka hapa kwa sababu ndicho ninachompa mtu asiyetaka kubadili kitu chochote alichokizoea, na kwa sababu kinaweza kufanya kazi pamoja na vyote viwili vilivyotangulia. Kila simu inapotaka kufungua tovuti, kwanza humuuliza mtunza majina iliko anwani ya jina hilo. Wapo watunza majina wanaokataa kujibu wanapoulizwa majina ya kampuni za matangazo. Ni kama mgeni anayefika stendi ya Nyegezi akiuliza nyumba ya tapeli anayejulikana, na kila anayemuuliza anamwambia hatuijui. Mwisho wa siku hafiki.

Simu zote za Android kuanzia toleo la 9, lililotoka mwaka 2018, zina nafasi hiyo. Fungua Mipangilio, nenda kwenye mtandao na intaneti, tafuta DNS ya faragha, kisha andika dns.adguard-dns.com na uhifadhi. Hakuna cha kupakua wala akaunti ya kufungua. Matangazo mengi yatapungua kwenye vivinjari vyote na hata ndani ya michezo ya simu, jambo ambalo kivinjari peke yake hakiwezi kulifanya.

Mipaka yake ni hii: haiwezi kuondoa matangazo ya YouTube wala ya Facebook, kwa kuwa hayo hutoka kwenye majina yaleyale yanayoleta maudhui yenyewe. Huacha visanduku vitupu kwenye kurasa. Tena unakuwa umehamisha imani yako kutoka kwa mtandao wako wa simu kwenda kwa kampuni nyingine, ambayo sasa ndiyo inayoona majina ya tovuti unazozifungua. Ukiunganisha Wi-Fi ya hoteli ambayo inadai ujisajili kwanza na ukurasa wa kujisajili haufunguki, rudisha mpangilio huo kwenye otomatiki kwa muda.

Cha nne: Opera Mini, kwa mwenye MB chache na mtandao hafifu

Opera Mini inajulikana ziwa lote, tangu enzi za simu za vitufe. Ukichagua hali yake ya ubanaji mkubwa, ukurasa haushushwi moja kwa moja kwenye simu yako. Seva za Opera huufungua kwanza, huupunguza, kisha hukutumia kilichobaki. Inacho pia kizuia matangazo cha ndani. Kwa mtu aliye kisiwani, ambaye mtandao wake mara nyingi ni wa kusuasua na anataka kusoma habari au matokeo ya mpira, sijaona kinachoishinda.

Lakini kwa faragha ndiyo inayoshuka. Seva ya mtu mwingine ikikusomea barua ili ikufupishie, lazima iwe imeisoma. Kwa hiyo katika hali hiyo ya ubanaji usifungue akaunti ya benki, usiandike nywila, wala usijaze fomu yenye namba ya NIDA. Opera ni kampuni ya Norway ambayo kivinjari chake kilinunuliwa na muungano wa wawekezaji wa China mwaka 2016, na inajiendesha kwa matangazo na habari zinazojaa ukurasa wake wa mwanzo. Itumie kwa kusoma, na uwe na Firefox au Brave pembeni kwa mambo yako binafsi.

Kuhusu vivinjari vinavyokuja tayari ndani ya simu, kama Phoenix kwenye Tecno na Infinix, na kuhusu UC Browser, sivipendekezi kwa yeyote anayejali faragha. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walikuta UC Browser ya Android ikituma taarifa nyeti za watumiaji kwa njia isiyo salama. Kivinjari ambacho kazi yake kubwa ni kukuonesha habari za udaku na matangazo hakiwezi wakati huohuo kuwa mlinzi wako.

Chrome, kwa wasioweza kuiacha

Chrome ni kivinjari chepesi kutumia na salama dhidi ya virusi, lakini mwenye nacho ni kampuni kubwa ya matangazo. Mwaka 2020 Google ilitangaza kwamba ingeondoa vidakuzi vya watu wengine ndani ya miaka miwili. Julai 2024 ikabadili msimamo, na vidakuzi hivyo vimebaki. Kwenye kompyuta nako, Google ilianza mwaka 2024 kuzima viendelezi vya mfumo wa zamani, na kufikia katikati ya 2025 uBlock Origin kamili haikuweza tena kufanya kazi kwenye Chrome ya kawaida. Iliyobaki ni uBlock Origin Lite, ya Raymond Hill huyohuyo, inayofanya kazi nzuri lakini kwa mikono iliyofungwa kidogo. Mwenye kompyuta mpakato na Chrome aiweke hiyo. Mwenye simu hana cha kuweka zaidi ya DNS niliyoieleza.

Kuna jambo moja la Chrome ambalo nalitengeneza karibu kila siku hapa dukani. Mtu huja akisema simu imeingia virusi, kwa kuwa matangazo ya kamari na ya picha chafu yanajitokeza juu ya kioo hata kama hajafungua kitu. Mara nyingi hakuna kirusi. Siku moja tovuti ilimuuliza kama anaruhusu arifa, naye akabonyeza "Ruhusu" ili aendelee kusoma, hasa zile tovuti zinazojipa jina la matokeo ya mitihani wakati Baraza la Mitihani linapotangaza. Fungua Chrome, nenda Mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, na uondoe kila jina usilolijua. Halafu zima kabisa maombi mapya. Hapohapo zuia vidakuzi vya watu wengine. Na matokeo yatafute kwenye anwani inayoishia na go.tz. Ikiwa arifa zote zimefungwa na matangazo bado yanaruka juu ya kioo, chanzo ni programu uliyoiweka karibuni, mara nyingi ya tochi, ya kusafisha simu au ya mikopo, na dawa yake ni kuiondoa.

Hali fiche nayo inaeleweka vibaya. Inafuta historia kwenye simu yako baada ya kufunga, basi. Haimzuii mwenye tovuti kukuona, wala mtandao wako wa simu, wala matangazo.

Vilevile, viungo unavyovibonyeza ndani ya Facebook, Instagram na TikTok hufunguka ndani ya programu hizo, si kwenye kivinjari chako, kwa hiyo ulinzi wote uliouweka unakuwa umerukwa. Bonyeza nukta tatu juu ya ukurasa uchague kufungua kwenye kivinjari. Ni tabia ya kujifunza, lakini bila hiyo nusu ya kazi yako inapotea.

Kwa wenye iPhone, Samsung na fedha za ziada

Safari, kivinjari cha iPhone, imezuia vidakuzi vyote vya watu wengine tangu Machi 2020, na inakubali vizuia matangazo kutoka App Store. Weka AdGuard ya bure au uBlock Origin Lite, iliyofika huko mwaka 2025, na umemaliza. Kivinjari cha Samsung nacho kinakubali vizuia matangazo, na kwenye simu za Galaxy kinafaa. Edge, kivinjari cha Microsoft, ina viwango vitatu vya kuzuia ufuatiliaji. Chagua cha juu ikiwa ndiyo uliyowekewa ofisini.

Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho, ni ya mtu mwenye hatari ya kweli, kwa mfano anayelazimika kuficha alipo. Ni ya polepole, na kwa kazi za kila siku haina haja.

Tukija kwenye vinavyouzwa, AdGuard kamili kwa Android huondoa matangazo ndani ya programu pia, lakini Play Store hairuhusu vizuia vya namna hiyo, hivyo hupakuliwa kwenye tovuti yao na kulipiwa kwa kadi. Kwa simu moja ya kawaida sioni sababu ya kulipa. Ofisi yenye intaneti ya waya na kompyuta nyingi inaweza kununua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kuweka Pi-hole, inayozuia matangazo kwa kila kifaa kilichounganishwa humo. VPN, yaani huduma inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, ikiwa ya kulipia haizuii matangazo kwa asili yake, na ya bure mara nyingi hujilipa kwa taarifa zako. Kabla ya kutumia yoyote fahamu kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kuwataka wanaozitumia kutoa taarifa zao kwake.

Kompyuta ya watu wengi

Mwisho naongea na wenzangu wa steshenari, na wateja wetu. Kompyuta yangu moja hupitiwa kwa siku na watu wanaofungua barua pepe, wasifu wa kazi, vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA. Nimewahi kukuta akaunti ya barua pepe ya mteja ikiwa wazi asubuhi iliyofuata, na picha ya cheti cha ndoa ya mtu nisiyemjua kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Tangu hapo Firefox ya dukani nimeipangia isitunze historia kabisa, ifute vidakuzi inapofungwa, na isijitolee kuhifadhi nywila. Kwenye kompyuta yenye Chrome namfungulia mteja hali ya mgeni. Kila jioni naifuta folda ile, kisha natupa na vilivyomo kwenye pipa la kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tusiichukulie kuwa ni ya benki na hospitali pekee.

Mteja naye akimaliza kuchapisha faili aliyoifungua kwa WhatsApp ya kompyuta, afungue simu yake, aingie kwenye vifaa vilivyounganishwa, na aondoe kila kifaa asichokitambua kabla hajapanda daladala.